Kupasha oveni moto kabla ya kuoka mkate nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Nilijifunzia kuoka mkate Kisumu, mtaa wa Migosi, kwenye kuka ya gesi. Nilipohamia Nakuru nilikuja na kuka ileile, tini zilezile, hata kijiko cha kupimia hamira. Mkate haukuwa ule. Mwezi mzima ulitoka umepasuka ubavuni na mzito chini. Nilibadilisha unga, nikaongeza hamira, nikalaumu gesi. Kumbe shida ilikuwa saa niliyokuwa nikiwasha oveni.

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na majirani, na wanaonunua mkate wangu wa Jumamosi, na ndugu zangu walioko Kakamega na Eldoret. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

## Mambo ya msingi

1. Kwani ni lazima kuipasha oveni moto kabla ya kuweka mkate?

Kwa mikate mingi, ndiyo. Kinyunga, yaani donge la unga uliokandwa, kikiingia penye joto kali, hewa iliyo ndani yake hutanuka, maji huanza kuwa mvuke, na hamira hufanya kazi yake ya mwisho kwa kasi kabla ya kufa ikifika kama nyuzi 55 hadi 60. Hayo yote hutokea katika dakika kumi hivi za kwanza. Hapo ndipo mkate unaporuka. Baadaye ganda hukauka, umbo likafungwa, na hakuna cha kuongeza.

Oveni ikiwa baridi, mkate hukosa mruko huo. Hukaa ndani muda mrefu ukingoja rangi, ukatoka na ganda nene na moyo mkavu. Ipo mikate inayoweza kuanzia kwenye oveni baridi, nayo nimeieleza katika swali la 14.

2. Niipashe kwa dakika ngapi?

Oveni ya gesi ya kuka ya kawaida huhitaji dakika 15 hadi 20. Ya stima, 20 hadi 25. Oveni ndogo ya mezani, 10 hadi 15. Sufuria yenye mchanga juu ya makaa, 25 hadi 30. Ukiweka ndani jiwe la kuokea au sufuria nzito ya chuma, hesabu dakika 40 au zaidi.

Hizo ni za kuanzia tu. Oveni yako ina dakika zake, na ukishazijua ziandike ukutani karibu na kuka. Maswali mengine yote hapa chini yanategemea hiyo namba.

3. Taa ndogo nyekundu imezima. Si ndiyo oveni iko tayari?

Bado. Taa inakwambia hewa iliyo ndani imefika joto ulilochagua. Haisemi lolote kuhusu kuta, sakafu ya oveni na waya wa kuwekea tini. Ukifungua mlango, hewa ile ya moto inakutoka usoni na kupotelea jikoni. Kinachobaki kuivisha mkate ni joto lililoingia kwenye chuma, na chuma huchelewa kushika moto.

Ngoja taa izime, iwake tena, izime mara ya pili, na ikiwezekana ya tatu. Kwa oveni nyingi hiyo ni nyongeza ya dakika kumi hivi. Nikiambiwa mkate umetoka mweupe chini, swali langu la kwanza huwa hili la taa.

4. Niweke nyuzi ngapi?

Mkate wa tini wenye maziwa na sukari, kama ule tunaopenda na chai, huokwa kwa nyuzi 180 hadi 190. Sukari huwahi kubadilika rangi, kwa hiyo joto likizidi utaungua juu kabla ya kuiva ndani. Skonzi, 190 hadi 200. Mkate wa unga, maji, chumvi na hamira peke yake, wenye ganda gumu, 220 hadi 230.

Mimi huipasha oveni nyuzi 15 hadi 20 juu ya joto la kuokea, kisha naishusha mara tu ninapofunga mlango. Mlango ukifunguliwa na tini baridi ikaingia, joto linaanguka. Ile nyongeza inalipa pengo hilo. Usisahau kuishusha.

## Saa ya kuwasha

5. Niwashe oveni wakati gani hasa?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu alielewe, hata kama mengine atayaruka. Vitabu na video nyingi husema "acha kinyunga kiumuke saa moja, washa oveni dakika ishirini kabla." Saa moja ya wapi? Kisumu alasiri jikoni pakiwa na nyuzi 30, kinyunga kilichotiwa kwenye tini hujaa kwa dakika 30 au 40. Nakuru asubuhi ya Julai, kinyunga hichohicho kinaweza kumaliza saa moja na dakika ishirini. Ukifuata saa ya ukutani, Kisumu utakuta kinyunga kimepita kiasi huku oveni ikiwa baridi, na Nakuru utakuta oveni inawaka bure huku kinyunga kikiwa bado kigumu. Ndilo lililonipata. Niliona gesi inaisha, nikakiingiza hivyo hivyo, kikapasuka ubavuni kwa sababu nguvu za kuumuka zilikuwa bado nyingi ndani na ganda lilishafunga.

Kwa hiyo tazama kinyunga. Lowesha kidole kwa maji, kibonyeze kidogo. Shimo likirudi upesi, bado sana, usiguse swichi. Likirudi taratibu lakini likajaa lote, washa oveni. Likirudi nusu na kuacha kibonde kidogo, wakati wa kuingiza umefika. Lisiporudi kabisa, umechelewa. Soma swali la 7. Anayeoka kwa tini ana alama nyingine: kinyunga kikibakiza upana wa kidole kimoja kufikia ukingo wa tini, washa.

Kisumu, Busia au Homa Bay, wakati wa jua kali, washa oveni karibu mara tu baada ya kukunja mkate na kuutia kwenye tini, au dakika kumi baadaye. Nakuru, Molo, Kericho na Eldoret, kaa mkono mbali na kuka mpaka kinyunga kikupe ishara. Kakamega ni katikati, na msimu wa mvua unafanana zaidi na Nakuru kuliko na Kisumu.

6. Oveni iko tayari lakini kinyunga bado. Nifanyeje?

Oveni ingoje. Kinyunga kisiingie kabla ya wakati wake eti kwa kuwa gesi inawaka. Ikiwa zimebaki dakika kumi hivi, punguza moto na uache mlango umefungwa. Ikiwa zimebaki nusu saa au zaidi, zima. Chuma kitabaki na joto, na kuirudisha juu kutachukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza.

Watu wengi huweka tini juu ya kuka ili joto la oveni lisaidie. Ni sawa, ila weka taulo iliyokunjwa chini ya tini. Juu ya kuka za gesi, hasa upande wa nyuma ambako hewa ya moto hutokea, kitako cha kinyunga kinaweza kuanza kuiva.

7. Kinyunga kimewahi na oveni bado ni baridi.

Kama kimejaa lakini kibonde cha kidole bado kinarudi kidogo, kitie kwenye friji oveni ikipata moto. Baridi hupunguza mwendo wa hamira na kukununulia dakika 20 hadi 30. Kama hakirudi kabisa, kitoe kwenye tini, kikande kwa upole kutoa hewa, kikunje upya, na safari hii washa oveni mapema. Mzunguko wa pili huwa wa haraka kuliko wa kwanza. Ladha haiharibiki, kwa maoni yangu huwa nzuri zaidi.

8. Nakuru iko juu kuliko Kisumu. Joto la oveni libadilike?

Kidogo. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Eldoret karibu 2,100. Kadiri unavyopanda, hewa hukandamiza kinyunga kwa nguvu ndogo, kwa hiyo gesi iliyo ndani yake hutanuka zaidi kinapoingia kwenye moto, na maji hukauka upesi. Mkate unaweza kuruka kupita uwezo wake, kisha ukabonyea katikati.

Nakuru na Eldoret mimi huongeza nyuzi 5 hadi 10 ili ganda lishike mapema, naingiza kinyunga kabla hakijafika mara mbili ya kimo chake cha mwanzo, na naanza kuutazama mkate dakika tano kabla ya muda ulioandikwa. Maji kwenye unga huongeza kijiko kimoja au viwili. Usichanganye hili na baridi ya asubuhi: baridi hukichelewesha kinyunga kabla ya oveni, mwinuko wa mji hukiharakisha ndani ya oveni.

## Aina za oveni

9. Oveni yangu ya gesi haina nyuzi, ina namba tu.

Zile zinazofuata mtindo wa Uingereza zina namba 1 hadi 8 au 9: namba 4 ni karibu nyuzi 180, 6 ni karibu 200, 7 ni karibu 220. Lakini kuka nyingi zina "ndogo" na "kubwa" peke yake, na "kubwa" ya jirani si "kubwa" yako. Pima kwa njia za swali la 10, kisha weka alama ya rangi ya kucha kwenye kitasa pale penye joto lako la mkate.

Gesi nyingi huwaka chini pekee, kwa hiyo chini huungua na juu hubaki pamefifia. Weka trei tupu kwenye waya wa chini kabisa baada ya oveni kupata moto, na tini kwenye waya wa kati. Trei itakinga ule moto wa moja kwa moja.

Unapowasha, fungua mlango wa oveni kwanza, kiberiti kiwe tayari, ndipo ufungue gesi. Isiposhika, funga gesi, acha mlango wazi dakika kadhaa, ndipo ujaribu tena. Usirudie papo hapo.

10. Sina kipimajoto. Nitajuaje joto la kweli?

Sukari itakwambia, na huku kwetu kwenye nchi ya miwa haikosekani. Sukari nyeupe safi huyeyuka karibu na nyuzi 186. Tengeneza kikombe kidogo cha karatasi ya alumini, tia nusu kijiko cha sukari nyeupe (ya kahawia ina uchafu wa miwa unaoweza kukudanganya). Pasha oveni kikamilifu kwa 180, weka sukari dakika 15. Inapaswa kubaki chembe. Toa, pandisha hadi 195, ngoja joto litulie, weka sukari nyingine dakika 15. Sasa inapaswa kuyeyuka. Ikiyeyuka kwenye 180, oveni yako ni kali kuliko inavyosema. Isipoyeyuka kwenye 195, ni baridi. Kitasa kupotea kwa nyuzi 15 au 20 ni jambo la kawaida hata kwa oveni mpya, kwa hiyo usishangae.

Kwa sufuria ya makaa au oveni isiyo na kitasa cha kuaminika, tumia njia ya zamani ya unga: nyunyiza kijiko cha unga wa ngano kwenye trei, uache dakika tano. Ukiwa na rangi ya maziwa ya chai hafifu, joto ni dogo. Rangi ya dhahabu, unafaa mkate wa maziwa. Kahawia iliyokolea, unafaa mkate wa ganda gumu. Ukiwa mweusi, punguza moto.

11. Oveni ndogo ya mezani inapata moto haraka. Mbona mkate haurukii?

Kwa sababu inaupoteza haraka vilevile. Bati lake ni jembamba, halina pa kuweka joto. Ipashe nyuzi 20 hadi 25 zaidi, iongezee dakika kumi baada ya taa kuzima, na ufungue mlango mara moja tu. Kipande cha tofali safi na kavu au jiwe la kuokea kwenye waya wa chini husaidia sana, ila hapo muda wa kupasha unaongezeka.

Pia mkate uko karibu sana na koili za juu. Zipashe zote, ya juu na ya chini. Ukishaingiza mkate, zima ya juu, uirudishe dakika kumi za mwisho kwa ajili ya rangi.

12. Ina feni. Kuna tofauti?

Punguza nyuzi 20 kutoka joto lililoandikwa. Kama feni inazimika, mimi huiwasha wakati wa kupasha, naizima robo saa ya kwanza ya kuoka ili isikaushe ganda mapema.

13. Sina oveni. Natumia sufuria, mchanga na makaa.

Mkate mzuri kabisa hutoka humo, na ndugu zangu wengi wa Kakamega hawajawahi kutumia kitu kingine. Tafuta sufuria kubwa na kuukuu, tia mchanga mkavu uliochekechwa wa kimo cha vidole viwili au vitatu, weka mawe matatu madogo au kigoda cha chuma ili tini isiguse mchanga. Funika, pasha dakika 25 hadi 30 kwenye makaa yaliyoshika vizuri. Mchanga ndio oveni yenyewe hapa: ukiukimbiza, chini ya mkate patawaka na juu patabaki pabichi.

Mkate ukiingia, punguza makaa ya chini na upandishe mengine juu ya kifuniko. Mtu akinilalamikia mkate mweupe juu, mara nyingi makaa ya juu yalikuwa matano tu, jaza kifuniko. Pima kwa unga kama swali la 10, ukiweka kisahani cha bati juu ya mawe.

Fanyia nje au penye upepo unaopita. Moshi wa makaa usioonekana wala kunuka huua watu waliofunga milango na madirisha, na baridi ya Nakuru ndiyo hushawishi watu kufunga.

## Gesi, tokeni na stima

14. Kupasha kunakula gesi na tokeni. Siwezi kuanza na oveni baridi?

Oveni ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo dakika 15 hula nusu uniti. Naelewa anayehesabu.

Mkate wa tini, wenye maziwa au mafuta, unaweza kuanza baridi. Ingiza kinyunga kikiwa bado hakijajaa, kikibakiza vidole viwili kufikia ukingo. Kitaendelea kuumuka oveni ikipata moto. Washa kwa joto la kawaida la kuokea, ongeza dakika 10 hadi 15. Inafanya kazi vizuri kwenye oveni za stima zinazopanda taratibu. Kwenye gesi inayowaka chini pekee sikushauri, kwa sababu moto huwa mkali mwanzoni kabisa na kitako huungua. Mkate wa mviringo usio na tini utatambaa na kuwa bapa, hivyo huo usiujaribu.

Akiba kubwa zaidi ni kuoka mikate miwili kwa mpasho mmoja. Tazama swali la 19.

15. Jioni oveni ya stima inachelewa sana kupata moto. Imeharibika?

Huenda ni stima kuwa hafifu. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 240. Ukishuka hadi 200 wakati kila nyumba inapika, koili haipungukiwi kwa sehemu ileile. Nguvu yake hushuka hadi kama asilimia 70. Taa za nyumba zikiwa zimefifia, ongeza nusu ya muda wako wa kupasha na uamini kipimo cha sukari au kipimajoto kuliko dakika. Mimi nikiweza huoka mchana.

16. Stima imepotea katikati.

Kama ulikuwa unapasha tu, kinyunga kiende kwenye friji, na friji isifunguliwe tena; itabaki baridi kwa saa kadhaa. Kama mkate umeshaingia na umepita nusu ya muda wake, usifungue mlango hata kwa kuchungulia. Joto lililo kwenye chuma linaweza kuumalizia kwa dakika 15 hadi 20 za ziada, ila rangi itakuwa hafifu. Kama ndio kwanza umeingia, washa makaa na uuhamishie kwenye sufuria ya swali la 13. Utashuka kidogo, lakini utalika.

## Mambo ya pembeni

17. Nataka kuoka ndani ya sufuria nzito yenye kifuniko. Nayo ipashwe?

Ndiyo, ndani ya oveni, dakika 30 hadi 45, pamoja na kifuniko. Iwe ya chuma kizito au alumini nene, bila mikono ya plastiki au mbao. Bakuli la kioo usilipashe tupu kisha ukatia kinyunga baridi, linaweza kupasuka.

18. Niweke maji ndani?

Kwa mkate wa ganda gumu, weka trei tupu chini tangu mwanzo wa kupasha, na unapoingiza mkate mimina kikombe cha maji yanayochemka, uso ukiwa kando. Maji baridi hula joto lako. Yasidondoke kwenye kioo cha mlango. Mkate wa maziwa hauhitaji.

19. Naoka mikate kwa zamu. Nipashe upya?

Toa wa kwanza, funga mlango mara moja, ngoja dakika 5 hadi 10 (15 kwa oveni ya mezani), ndipo uingize wa pili. Kinyunga cha pili kiwe kimekunjwa baadaye au kimekaa kwenye friji. Vyote vikiumuka pamoja, wa pili atakutwa na yale ya swali la 7.

20. Kipimajoto ndani ya mkate hakifiki nyuzi 96 kama video ilivyosema, na ganda linaanza kuungua.

Hakitafika. Nakuru maji huchemka karibu nyuzi 94, Eldoret karibu 93, Kisumu karibu 96, na moyo wa mkate una maji. Ukiwa Nakuru toa mkate ukifika 90 hadi 92. Wa maziwa, hata 88. Nilikausha mikate kadhaa nikingoja namba ambayo mji huu hauwezi kutoa. Usiye na kipimajoto, utoe kwenye tini na uugonge kitako: ukilia kama ngoma tupu, umeiva.

21. Oveni ni mpya. Nianze na mkate?

Ipashe tupu kwa moto wa juu nusu saa, madirisha wazi, mafuta ya kiwandani yaungue. Na iwe mpya au ya zamani, chungulia ndani kabla ya kuwasha. Nyumba nyingi huweka sufuria na trei humo. Chuma kile chote hunyonya joto lako, na ubao wa plastiki uliosahauliwa huyeyukia kwenye waya na kunukisha mkate wiki nzima.